Kabla ya kushona sare za arobaini, ulizeni Bibi alikuwa anauza nini

Tangu niweke hapa kipande cha wasifu wa Bibi niliousoma kwenye arobaini yake, ujumbe unaingia mpaka simu inapata moto. Wengi mnaomba "fomati" ya kuandika wasifu wa bibi zenu. Dada mmoja wa Kaliua ananiambia bibi yake yupo hai, ana akili zake zote, ila akiulizwa habari za zamani anajibu "nimesahau" na kuomba asogezewe kiti kivulini. Anataka orodha ya maswali. Kaka mwingine msiba umeshatokea, arobaini inakaribia, na ukoo umemkabidhi kalamu kwa sababu ndiye aliyesoma. Nimeona niwajibu wote kwa pamoja. Nawaonya tu kwamba nitaongea sana kuhusu Bibi yangu, maana jambo hili sijui kulieleza kwa njia nyingine.

Fomati sina. Nina neno moja: anzeni na kazi. Alikuwa anafanya nini kwa mikono yake, anamuuzia nani, anakopesha nani, nani alimdhulumu. Tarehe zitakuja zenyewe zikifuata nyuma.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Ujiji, Kitongoni. Siku tunamzika, kabla jeneza halijatoka, msemaji wa ukoo alisimama na karatasi yake. Mimi nilikuwa uani na wanawake, tunamsikia kwa kipaza sauti. Marehemu alizaliwa Ujiji. Aliolewa. Alijaliwa watoto, wajukuu na vitukuu. Alisumbuliwa na miguu. Mungu amlaze mahali pema. Basi. Aliyebandika sufuria ya chai alikuta wasifu umekwisha na maji hayajachemka.

Mwanamke aliyeuza mafuta ya mawese na kuwavalisha viatu vya shule nusu ya wanaume waliokuwa wamekaa pale barazani, na neno "mawese" halikutajwa hata mara moja. Jamani, mawese! Nimesamehe mengi ya msiba ule, hata ugomvi wa mchele, lakini ile karatasi bado inanikaa kooni. Na msiniambie ni desturi. Wiki mbili nyuma alizikwa mzee mmoja mtaa wa pili, wakasoma vyeo vyake vyote mpaka ukatibu wa timu ya mpira iliyokufa zamani.

Ndiyo maana arobaini ilipofika nilisoma ya kwangu. Dua imekwisha, wanaume wako mbele, sisi uani, nikasimama na karatasi zangu. Nilisoma karibu saa nzima na hakuna aliyeinuka kwenda kuangalia pilau. Kuna mahali walicheka mpaka shangazi yangu akajifunika mtandio usoni. Kesho yake kurasa zile zilikuwa zimeshapigwa picha na kufika Bujumbura, Dar es Salaam na Sumbawanga. Sijisifu, ingawa kidogo najisifu. Kazi ile niliifanya mwenyewe.

Sasa niwaambie nilivyoipata, maana Bibi hakuwa mtu wa kuhojiwa. Mara ya kwanza nilipomwekea simu mbele yake na kumwambia, "Bibi, nisimulie historia yako," alinitazama kama mtu aliyeombwa hela na mgeni.

"Historia? Si uende pale kwa Mzungu kwenye miembe. Wana mtu analipwa kusimulia."

Alikuwa anasema pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Nilicheka, lakini baadaye neno lile lilinichoma. Kila mtoto wa Ujiji anaweza kukusimulia namna Mzungu alivyomsalimu Mzungu mwenzake kwenye mji wetu. Muulize mama wa bibi yake aliitwa nani, uone anavyoangalia juu.

Basi nikaweka simu mfukoni, nikakunja kanga, nikaingia kazini. Ilikuwa msimu wa chikichi, yale matunda ya mchikichi yanayokamuliwa mawese. Waliokulia Kigoma wanaijua kazi hii, wengine wavumilie. Mikungu ikishakatwa hufunikwa magunia siku kadhaa ili punje ziachie. Halafu mnakaa kuchambua, na mkungu wa mchikichi una miiba ambayo Bibi alikuwa kama haioni, wakati mimi vidole vinavuja damu. Chikichi zinaingia pipani, zinachemshwa mpaka zilainike, zinapelekwa kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono. Mafuta yanaenguliwa, yanarudishwa motoni mpaka maji yaishe. Bibi hakuwa anachungulia sufuria. Alisikiliza. Yakiacha kupasukapasuka, maji yamekwisha, toa. Makapi hayatupwi, ndiyo yanayowasha moto wa kesho. Na mise, zile kokwa za chikichi, zinaanikwa, kisha zinapasuliwa jiwe juu ya jiwe, kazi ya wajukuu, kazi ya kuumiza kucha.

Mikono yake ikiwa kazini, Bibi hakuwa anajua kwamba anasimulia.

Nikamuuliza tu: "Bibi, kabla ya mashine hii mlikuwa mnakamulia nini?"

"Kinu, mke mwenzangu. Nyie mmekuja dunia imeshakuwa laini."

Kinu kilitoka wapi? Cha baba yake. Baba yake alikuwa mtu wa Manyema, huko Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alivuka kuja kutafuta ukuli pale Kigoma, kwenye gati walilopewa Wabelgiji kwa makubaliano yao na Waingereza ya mwaka 1921, ili mizigo ya Kongo ishuke ziwani na kupanda treni kwenda Dar es Salaam. Reli yenyewe ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Mambo ya makubaliano nimeyasoma mwenyewe baadaye. Bibi yeye alijua tu kwamba baba yake alikuwa na bega moja lililoshuka kwa sababu ya magunia, na kwamba kinu alikichonga siku alizokuwa amefukuzwa kazi. Angalieni hapo. Swali moja la kinu limenipa baba wa Bibi, bega lake, ziwa, gati na reli. Ningeuliza "ulizaliwa lini" ningepata "zamani".

Nikauliza mlikuwa mnauza wapi. Hapo ndipo Liemba ilipoingia. Mnaijua meli hiyo: Wajerumani waliileta kwa vipande, wakaiunganisha Kigoma, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 vita vilipowaelemea, Waingereza wakaiibua na kuirudisha kazini mwaka 1927. Watalii huambiwa hayo. Bibi alikuwa na Liemba nyingine kabisa. Yake ilikuwa ile iliyokuwa ikisimama katikati ya maji, kwa sababu vijiji vingi vya mwambao havikuwa na gati. Mitumbwi inaifuata, mnapandishwa na kushushwa hivyo hivyo, usiku, huyu anavuta mbuzi, yule anapokea mtoto, na makelele juu. Alikuwa anashuka na madebe ya mawese kuelekea huko Kasanga, akirudi na mahindi na maharage ya Rukwa. Safari moja alikuwa na mimba ya shangazi yangu ya miezi mingi tu. Baharia akakataa kumshusha mtumbwini. Bibi akamwambia amshushe debe kwanza, yeye atalifuata, maana debe lile lilikuwa na thamani kuliko meli yake. Shangazi hakuwahi kuisikia habari hii mpaka siku ya arobaini. Ana zaidi ya miaka hamsini!

Na mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, wafanyabiashara walipokuwa wakitupa na kufukia bidhaa usiku, Bibi alikuwa na vitenge vya Burundi. Alivizungushia magunia, akavifukia chini ya rundo la makapi ya chikichi. Wapekuzi waliingia mpaka chini ya kitanda. Kwenye makapi hawakugusa, wakiogopa kuchafua suruali. Kitenge kimoja kati ya vile ndicho alichovaa siku baba yangu anaoa.

Nirudi kwenye ushauri kabla hamjanikimbia. Anza na kazi. Ukishapata kazi, tafuta karatasi za kazi hiyo. Wazee wetu wengi walikuwa na sanduku la chuma, na ndani ya sanduku kuna kitu. Kwa Bibi kulikuwa na daftari la madeni.

Hili daftari lingetosha kuwa makala yake. Kurasa za mwanzo hazina herufi hata moja. Ni michoro. Debe ni pembe nne, chupa ni mstari wenye shingo, na wadaiwa nao wamechorwa: mwenye baiskeli, mwenye mtoto mgongoni, mwenye kofia. Akilipa, anapigwa msalaba. Halafu unafunua ukurasa unakuta herufi, kubwa, zinapanda na kushuka, jina limeandikwa kwa shida. Ni kwamba Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, na Bibi akaingia ngumbaru, darasa la watu wazima la kusoma na kuandika. Alisoma jioni, akitoka kazini, ananuka moshi. Aliniambia hakwenda kwa ajili ya taifa. Alikwenda kwa sababu kuna mdaiwa alikuwa anakana kwamba mchoro ule ni yeye.

Siku ya arobaini watu walipiga makofi hapo.

Daftari likinipa jina, namfuata mwenye jina, au mwanawe. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri: msiwaulize ndugu peke yao. Ndugu watakwambia alikuwa mpole, mcha Mungu, mwenye upendo. Wadaiwa watakwambia alikuwaje kweli. Mzee mmoja wa Kibirizi, wa mambo ya dagaa, alinieleza kwamba Bibi alimkopesha mtaji wa mafuta ya karabai, halafu kila asubuhi alikuwa amesimama ufukweni vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, vikirudi, hasemi kitu, anahesabu makarai kwa macho. "Nililipa haraka nipumue," akasema. Humo mna Bibi yangu mzima kuliko kwenye salamu zote za rambirambi.

Kuna mstari mmoja umeandikwa "Mama wa Uvira, chupa 3", na pembeni, "hana". Umefutwa na Bibi mwenyewe. Ni wa mwishoni mwa 1996, vita vya Kongo vilipowasukuma watu ziwani na mitumbwi ikawa inatua kwetu usiku na mchana. Wengi walipelekwa kambini Nyarugusu, lakini kwanza walilala kwenye nyua za watu. Nilimpata mama huyo kupitia mtu wa mtu wa mtu. Amesharudi kwao siku nyingi. Akanitumia ujumbe wa sauti kwa Kiswahili chao kile kitamu. Anasema walipofika Bibi hakuwauliza jina wala kabila mpaka walipokula. Kesho yake akawapa mawe wapasue mise, akawalipa. Mama huyo alidhani ni ukatili kuwafanyisha kazi watu waliochoka vile. Baadaye akaelewa kwamba jirani walikuwa wameanza kuwaita ombaomba, na kuanzia siku ile wakaitwa vibarua wa Bibi.

Tarehe sasa, maana najua mnazisubiri. Kitambulisho cha taifa cha Bibi kina tarehe mosi Januari, na kadi ya mpiga kura ina mwaka mwingine kabisa. Mosi Januari ni siku waliyozaliwa wazee wote wa nchi hii. Usihangaike nayo. Tafuta tukio, halafu uliza alikuwa na kimo gani. Bibi alikumbuka askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika, wakirudi kwa treni baada ya vita vya Hitler, mjomba wake akiwa na blanketi la jeshi, na yeye alikuwa binti wa kuchota maji ambaye bado hajavunja ungo. Siku ya Uhuru, Desemba 1961, alikuwa na mimba ya baba yangu na alikataa kwenda uwanjani kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Panga hayo mawili, unapata mtu aliyezaliwa katikati ya miaka ya 1930. Niliandika hivyo hivyo, "katikati ya miaka ya 1930", bila kubuni siku. Ukweli wenye ukungu ni bora kuliko tarehe ya uongo.

Cha ajabu, waliokuwa wa kwanza kuzihitaji hesabu zangu ni wale wale wa karatasi ya barazani. Mirathi ilipoanza kufuatiliwa mahakama ya mwanzo, ikawa nani mkubwa nani mdogo, shamba la michikichi lilinunuliwa kabla au baada ya ndoa. Nikaona ujumbe wa Baba Mkubwa: "Mwanangu, zile karatasi zako unazo?" Ninazo, Baba Mkubwa. Shikamoo.

Na huyu Baba Mkubwa ndiye aliyetaka nisisome. Nitalisema hili kwa heshima zote, lakini nitalisema. Bibi aliolewa mara mbili. Ndoa ya kwanza ilikuwa Uvinza, kwa mtu wa kazi za chumvi. Haikudumu. Mume alikuwa na mkono mwepesi, na Bibi, ambaye wakati ule ni binti mdogo tu, alisubiri amelala, akachukua sufuria mbili na mkeka, akaenda stesheni kungoja treni ya Kigoma. Hakuwa na nauli kamili. Alilipia iliyobaki kwa sufuria moja. Hiyo nyingine ilikuwa bado jikoni kwake mpaka anakufa, imezibwa mashimo kwa madini ya risasi, na hakuna mjukuu aliyeruhusiwa kuitupa wala kuambiwa kwa nini.

Mimi aliniambia. Tulikuwa tunachambua chikichi.

Baba Mkubwa aliposikia kwamba limo kwenye maandishi alinipigia simu. "Unamvua nguo mama yetu mbele za watu. Marehemu hasemwi." Sikumjibu vibaya, ni baba yangu. Lakini nilimuuliza shangazi mkubwa, ambaye alilala kitanda kimoja na Bibi miaka yote ya mwisho. Shangazi akanyamaza kidogo, akasema, "Soma. Alikuwa anajivunia ile sufuria." Nikasoma. Pale uani nilimwona binti mmoja wa ukoo, ameolewa juzi juzi tu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango. Aliinua kichwa. Siwezi kusema zaidi.

Kwa hiyo kwa wale mnaouliza kama muandike mabaya: andikeni aliyoyapita kwa miguu yake. Si umbea wa nani kazaa na nani, huo waachieni wenyewe. Lakini bibi aliyekimbia kipigo, aliyekopwa na kudhulumiwa, aliyemfukuza mkwe kwa fagio, huyo alikuwa mtu. Ukimfanya malaika, vitukuu watamwonea haya badala ya kumjua.

Na mniruhusu niseme na nyinyi mlioko mijini, maana mimi pia niko huko na nafahamu tunavyofanya. Bibi akifa tunakuwa hodari! Kundi la WhatsApp linaundwa usiku ule ule, mchango unatumwa kwa simu, turubai, viti, mpiga video, sare za kitenge zenye picha yake kifuani. Fundi cherehani wa Mwanga, pale Kigoma, anajua vipimo vya ukoo mzima. Kisha unauliza mtu aliyevaa picha ile, Bibi alikuwa anauza nini? "Biashara ndogo ndogo." Biashara ndogo ndogo iliyokulipia ada! Binti zangu, hasa nyinyi mnaotaka kuwa wajasiriamali na kulipia semina za mitaji, mitaji mnaitafuta hotelini wakati bibi yako alikuwa anaendesha mikopo bila benki, bila kalamu, kwa picha ya kofia. Nendeni nyumbani. Muda wa kuuliza ni sasa, akiwa bado anakusahihisha. Nendeni mkashike kazi, hata kama ni kuchambua mchele tu. Rekodini, lakini simu ikae pembeni, na mkimaliza liandikeni faili jina na mwaka, si "Audio mpya". Picha za zamani, andikeni majina nyuma kwa penseli, mkiwa naye, maana akiondoka wale watu wote waliosimama mbele ya studio wanakuwa wageni. Na anzieni kwenye kazi. Nimeshasema, narudia.

Dada wa Kaliua, bibi yako hajasahau kitu. Huko kwenu msimu wa kukata viazi vya michembe unakuja. Chukua kisu ukae naye, uliza nani alimfundisha kukata vipande vyembamba hivyo. Utaniambia.

Kaka wa arobaini, wewe muda umekubana, basi usiende kwa ndugu. Nenda sokoni, kwenye meza aliyokuwa anakaa, waulize wa meza ya jirani.

Kwangu limebaki jambo la madeni. Daftari lina majina ambayo hayakupigwa msalaba, na kikao cha ukoo kimegawanyika. Shangazi anasema tusamehe yote iwe sadaka ya marehemu. Baba Mkubwa anasema deni ni deni, liingie kwenye mirathi. Mimi nimependekeza hivi, na nasubiri majibu yao: mdaiwa aje akae kwenye kigoda, aeleze alikopa kwa ajili ya nini na Bibi alimwambia nini siku ile, niandike, deni lifutwe. Wawili wameshakuja. Wa tatu ni yule wa debe mbili za mwezi wa Ramadhani, mwenye kofia pana na baiskeli isiyo na tairi la mbele. Jina hakuna, maana ni wa kurasa za kabla ya ngumbaru. Kama ni baba yako au babu yako, nitafute.